Mpambaji na Mwenye Nyumba

Wahenga walinena: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini ni mara chache twaitumia kumpima mtu ambaye riziki yake ni kuingia katika nyumba za wenziwe na kuzipamba mbele ya mamilioni ya watazamaji. Laurence Llewelyn-Bowen wa Uingereza ni mtu wa namna hiyo.

Alizaliwa London mwaka 1965, akasomea sanaa katika chuo cha Camberwell na kuhitimu mwaka 1986. Jina lake lilivuma baada ya 1996, BBC ilipoanzisha kipindi cha Changing Rooms. Majirani walibadilishana nyumba kwa siku mbili, na kila upande ulipewa mpambaji na kiasi cha paundi 500 ili kukigeuza chumba kimoja cha mwenzake. Mwenye chumba hakuruhusiwa kukiona mpaka kazi ikamilike. Ndipo alipoingizwa macho yamefumbwa, akaambiwa afumbue.

Yafaa tumtendee haki mpambaji huyu. Katika makoti yake ya mahameli, alionyesha kwamba hata mtu wa kipato cha kawaida aweza kukipa chumba sura mpya kwa rangi, vitambaa na mbao za bei nafuu. Tena alikuwa na ulimi: kila rangi aliitolea hoja. Aliwaondolea watu woga wa kuta zao wenyewe, na hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kasoro ya kazi yake imo mumo humo katika mpango wa kipindi. Kadiri mwenye nyumba alivyoshtuka, ndivyo kipindi kilivyonoga. Wako waliolia kwa furaha, na wako waliolia kwa uchungu. Kwa mtazamaji machozi yote yalikuwa burudani. Mpambaji aliondoka na sifa, mwenyeji akabaki na ukuta. Mwaka 2003 Llewelyn-Bowen alikabidhiwa uendeshaji wa kipindi chenyewe, badala ya Carol Smillie. Kwa maoni yetu, hapo mtu alikuwa amekwisha kuipita kazi yake. Kipindi kilikoma mwaka 2004. Baadaye alikuwa mwamuzi katika House Rules ya Australia, na mwaka 2021 alirejea Changing Rooms ilipofufuliwa na Channel 4.

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi? Na tumlete basi mpambaji huyu Logiri, wilayani Arua, mbele ya nyumba ya mviringo yenye ukuta wa udongo na paa la nyasi. Lugha yetu hutofautisha kukandika ukuta na kuusiliba: anayekandika hujaza udongo penye fito, anayesiliba hulainisha na kupendezesha. Mama asilibaye ukuta wake ndiye atakayelala humo mvua ikinyesha. Ajua ni udongo upi hupasuka, na ni upande upi hupigwa na mvua. Mkono wake mmoja hupamba na kutengeneza kwa pamoja, wala hashindani na saa, kwani ukuta hauna budi ukauke. Mpambaji wa siku mbili angemfunza nini kabla ya kumwuliza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Swali hili latugusa sisi walimu hasa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ni habari njema. Lakini katika Arua na Koboko mwalimu haingii nyumba tupu. Humo mna Kilugbara, Kikakwa na Kinubi, na Kiswahili chenyewe kimesemwa sokoni na barabarani tangu zamani, kwa lafudhi ya hukohuko. Mwalimu akiingia na brashi yake, akafuta kila neno alilokuja nalo mtoto, kisha akamwambia afumbue macho aone uzuri, asishangae mtoto akilia.

Kwa hiyo tujifunze kwa Llewelyn-Bowen ujasiri wa rangi na ufasaha wa hoja. Lakini adabu ya kubisha hodi na kumsikiliza mwenyeji tujifunze kwa mama wa Logiri.