Samaki Aliyeshiba

Kwetu Lusangi, mashariki mwa Kongo, uvuvi wote umejengwa juu ya njaa ya samaki au juu ya nguvu ya mvuvi. Kiangazi, vijito vikinywea, akina mama huziba mkondo kwa udongo na majani ya migomba, kisha huchota maji kwa mabeseni mpaka kambale anabaki akigaagaa topeni. Wengine hutega migono kwenye mto Luama. Wapo pia wanaotwanga utupa na kuumimina majini, jambo ambalo wazee hulikemea hadharani na kulifumbia macho wakishaletewa kitoweo. Mwenye ndoano huweka mnyoo, kumbikumbi au kipande cha chikichi. Samaki akiwa na njaa anakula. Akiwa hana, mvuvi anakunja mshipi wake na kurudi nyumbani, na mke haulizi sana.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni mwingine kabisa: kumnasa samaki aliyeshiba, tena kwa kitu kisicholika. Niliukuta mbali na kwetu, kwenye mito ya Nyeri nchini Kenya, Thego, Sagana na Gura, inayoshuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare ikiwa na baridi ya kutia miguu ganzi. Samaki mwenyewe ni trauti, naye ni mgeni huko kama nilivyokuwa mimi. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland. Yalikuja kwenye barafu kwa meli hadi Mombasa, yakapanda treni, na mwisho yakabebwa na wapagazi kuivuka milima mpaka Gura. Sisi watu wa njia ya Kabambare, ambao mababu zetu waliona misafara ya pembe za ndovu ikipita mlangoni, tunajua wapagazi walibeba mengi ya ajabu. Lakini mayai ya samaki, sikuwahi kusikia. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kuzalisha vifaranga Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri.

Sasa mfikirie huyo samaki wa kupandikizwa, anayetoka kituoni. Amezaliwa kwenye trei, amekulia kwenye bwawa jembamba la saruji, hajapata kumkimbia ndege wala kumfukuza mdudu. Chakula chake ni punje za kahawia zinazorushwa kwa mkono, na saa ya kulishwa anaijua kama mwanafunzi wa bweni anavyoijua kengele. Siku moja anamwagwa mtoni pamoja na wenzake. Hawajui pa kwenda, basi wanajikusanya pale pale walipoachiwa, kwenye kidimbwi chini ya daraja au penye kina nyuma ya jiwe kubwa. Siku ya kwanza huenda wakakamata chochote kinachodondoka. Kisha watu wanakuja, wanakanyaga maji, wanarusha ndoano kutwa nzima, wenzao kadhaa wanatoweka kuelekea juu kwa namna isiyoeleweka, na waliobaki wanafunga midomo.

Na unawaona! Hilo ndilo linaloudhi. Maji ni meupe, nao wamejipanga vichwa vyao vikiukabili mkondo, mapezi yakipepea taratibu. Chambo chako kinapita mbele ya pua zao, wanasogea upana wa kiganja kukipisha, kisha wanarudi mahali pao. Ukiwa mvuvi wa Luama, mkono unakuwasha kutafuta utupa.

Baridi nayo inachangia. Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo mwili wake unapoa pamoja na maji, tumbo linasaga polepole, na chakula kidogo kinamtosha muda mrefu. Maji yakipanda kupita nyuzi 20 hewa ndani yake inapungua, naye hataki kujihangaisha. Kwa hiyo ile kanuni yetu ya kudamka alfajiri haina kazi kubwa kwenye mito ya mlimani. Alfajiri ya Thego ni ya kuota moto. Saa nne asubuhi, jua likishaingia bondeni na kugusa changarawe, ndipo mapezi yanaanza kuchangamka.

Lakini kuchangamka si kuona njaa, na hapa ndipo ufundi wenyewe unapoanzia. Samaki hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, hana budi kukitia mdomoni. Basi mvuvi anayejua kazi haiulizi njaa ya samaki, kwa kuwa jibu amekwisha kulipata. Anagonga milango mingine: udadisi, hasira ya mwenye nyumba anayeingiliwa, na ile pupa ya kuona mwenzako anataka kukiwahi kitu kabla yako. Samaki hukisikia kitu hata kabla ya kukiona, maana ubavuni mwake mna mstari wa vitundu vinavyopokea mtikisiko wa maji. Kinachozunguka na kutetema kinambishia hodi mwilini.

Chombo cha kubishia hodi ni kidogo mno. Kile nilichokizoea ni waya mwembamba wenye kijisahani cha shaba kisichozidi ukucha, punje chache za risasi nyuma yake, na ndoano. Kikivutwa, kijisahani kinazunguka na kumetameta. Kampuni ya Mepps ya Ufaransa ilianza kuvitengeneza mwaka 1938, na hadi sasa maumbo yamebadilika kidogo sana. Ndugu yake ni kijiko, kipande cha bati kilichopinda ambacho hakizunguki bali huyumba. Wamarekani husimulia kwamba Julio Buel wa Vermont alidondosha kijiko cha chakula ziwani akaona samaki akikirukia; hadithi hiyo siidhamini, ila hati yake ya uvumbuzi ya mwaka 1852 ni ya kweli.

Mzee mmoja wa kando ya Thego ndiye aliyenionyesha kwamba chombo si kitu bila mkono. Alikuja kutokea chini ya mto akipanda, kwa kuwa samaki anayetazama mkondo humpa mgongo anayetoka chini. Alitembea akiwa ameinama, kivuli chake akikiweka nyuma. Alipofika usawa wa jiwe hakurusha. Alikaa. Alivuta ugoro, akaangalia maji, na mimi nikaanza kuchoka.

"Mzee, hawa wamekataa tangu asubuhi," nikamwambia.

"Wamekuzoea wewe, kijana. Waache wakusahau."

Kisha akarusha, si kwenye kundi bali mbele yake kabisa, karibu na ukingo wa pili. Akaacha chambo kizame. Aliporudisha mshipi alizungusha gurudumu polepole mno, kiasi cha kijisahani kukaribia kusimama, kikawa kinakuja chini-chini kikigusa changarawe. Samaki mmoja akajitenga na kundi na kukifuata. Mimi ningeendelea kuvuta vilevile, naye angefika karibu na miguu yangu, akageuka, akaenda zake. Hivyo ndivyo walivyonifanyia asubuhi nzima. Mzee aliukatisha mvuto. Kijisahani kilizimika, chambo kikaanguka chini upana wa vidole vitatu, samaki akasita juu yake, kisha mzee akakistua mara moja kana kwamba kinataka kutoroka. Mdomo mweupe ukafunguka. Sijui hata kama aliuvuta mshipi. Aliinua ncha ya fimbo tu. Ndoano yake ilikuwa imebanwa ule mwiba mdogo kwa koleo, ikatoka bila kuchana mdomo.

Baada ya samaki huyo hakurusha tena pale. Alihama, akakiacha kidimbwi kitulie, akarudi baadaye na chambo cha rangi nyingine. Rangi, kwa kweli, watu huzibishania kuliko zinavyostahili. Maji yakiwa ya udongo baada ya mvua, weka kikubwa chenye kung'aa. Yakiwa maangavu, kidogo kilichofifia. Na kwa samaki aliyetoka bwawani majuzi, kahawia ya punje zake za zamani haijawahi kuniangusha sana. Zaidi ya hapo ni starehe ya kununua.

Wapo pale Nyeri wanaotuona sisi wa vijisahani kuwa washamba. Kwao uvuvi wa trauti ni inzi bandia tu, manyoya na uzi juu ya ndoano, kama walowezi walivyoanzisha. Siwabishii, maana Kenya ina mafundi wanaofunga inzi hao kwa mikono, na kazi zao zimekuwa zikisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Ila samaki wa bwawani hajawahi kumwona inzi wa kweli, sembuse wa bandia. Mpe muda kwanza.

Muda huo ukipita, mambo hugeuka. Trauti aliyeponea ndoano na fisimaji kwa miezi kadhaa hujifunza mto. Anaacha kundi, anashika jiwe lake, anaanza kula wadudu wanaoelea. Mbinu ya kuzimisha na kustua bado inafanya kazi, lakini hatua za miguu anazisikia mbali zaidi, na nafasi anayokupa ni moja. Wavuvi wengi humpenda huyo kuliko mwenzake wa jana. Mimi namheshimu, ila sifa ya ufundi naiweka kwa yule wa bwawani. Aliyezoea mto ana njaa zake na saa zake, na njaa naijua tangu utotoni. Asiyetaka chochote ndiye anayempima mvuvi.

Chambo kisicholiwa si kigeni moja kwa moja upande wetu. Ziwani Tanganyika wavuvi wa mgebuka huteremsha mshipi wenye ndoano nyingi zilizovishwa manyoya au vitu vya kumetameta, wakiupandisha na kuushusha kando ya mtumbwi, na hakuna mnyoo hata mmoja. Luama inatoka milima ya upande wetu wa ziwa, lakini maarifa hayo hayakuteremka nayo. Nimewaambia vijana wa nyumbani wajaribu kwa mbenga, samaki wa meno makali, ambaye hasira anazo za kutosha. Kijiko cha chai kinakatwa mpini, kinatobolewa pande mbili, na fundi baiskeli yeyote wa mjini Kasongo anaweza kuifanya kazi hiyo. Mshipi mtupu mbenga ataukata kwa meno. Kati ya kijiko na mshipi wafunge urefu wa dhiraa moja wa waya wa breki.