Heko, Mafundi wa Kwale

Kuongeza wodi au darasa huku watu wakihudumiwa ndani ni kazi nzito kuliko kuanza kwenye kiwanja kitupu, na mafundi wa Diani na Msambweni wanaimudu. Nawapa heko kwa dhati. Penye bomba la maji ya visima vya Tiwi hawaingizi mashine. Huchimba kwa sururu, kisha kwa mikono, mpaka bomba lionekane. Likipita chini ya msingi mpya, haligandishwi kwenye zege: hupitishwa ndani ya bomba pana, ili jengo likititia bomba la maji lisivunjike. Ukuta mpya wa mawe ya matumbawe nao hauunganishwi na ule wa zamani. Huachwa nafasi ya sentimita 2 hivi, maana msingi wa kale umeshatulia, mpya bado.