Lugha ya Wenyewe

Nilikipata The Fourth Star kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara, zile tunaziita inama bookshop kwa sababu lazima uiname ndio uchague. Nilikuwa natafuta riwaya. Lakini nikafungua kurasa za huku mwanzoni, nikakuta askari amehamia nchi ya watu na familia yake ili akasome, na hakuna mtu anapigana. Mimi ni mtoto wa kambi. Hadithi ya askari anayesafiri na familia, tena kusoma, sikuwa nimewahi kuisikia. Nikatoa mia mbili hamsini nikaenda nacho.

Kitabu kiliandikwa na waandishi wa habari wawili wa Marekani, David Cloud na Greg Jaffe, kikatoka mwaka wa 2009. Kinafuata majenerali wanne: John Abizaid, George Casey, Peter Chiarelli na David Petraeus, kuanzia enzi za Vietnam mpaka Iraq. Wengi wanakisoma kama kitabu cha vita. Mimi nimekisoma kama kitabu cha familia, na hapo ndipo nina ugomvi nacho.

Wacha nianze na Abizaid. Alizaliwa California mwaka wa 1951, ukoo wa baba yake ukitoka Lebanon, lakini Kiarabu chake alikisomea ukubwani, akiwa tayari afisa wa jeshi. Mwaka wa 1978 alikuwa Amman, Jordan, na mke wake, akisoma chuo kikuu kwa ufadhili unaoitwa Olmsted.

Ufadhili huu ulianzishwa na Jenerali George Olmsted. Unafanya kazi hivi: afisa kijana wa Marekani anafundishwa lugha kwanza, kisha anapelekwa chuo kikuu cha nchi nyingine akasome kwa lugha ya wenyewe, si Kiingereza. Hakai kambini. Anakodi nyumba mtaani na kununua mkate mahali majirani wananunua. Familia inaenda naye, na siku hizi hata mke au mume analipiwa masomo ya lugha.

Yaani mtu analipwa mshahara wa jeshi ili aishi na watu tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sitadanganya, hapo niliona wivu.

Lakini kuishi tu nako si rahisi. Kiarabu cha darasani, fusha, ni cha vitabu, hotuba na taarifa ya habari. Kiarabu cha dukani Amman ni kingine. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi: ni kama umfundishe mtu Kiswahili cha habari za saa moja halafu umshushe stejini Kayole saa kumi na mbili jioni. Atasikia, lakini hataelewa ni nani amemwita nani.

Na sasa jiulize nani anasota zaidi na hiyo lugha ya mtaani. Afisa ana mwalimu, ana vitabu, ana wanafunzi wenzake. Mke ana muuza nyanya, fundi wa mabomba, daktari na mama wa nyumba ya chini. Nadhani, kama kuna mtu aliyeijua Amman ya kweli katika familia yoyote ya aina hii, ni huyo wa pili. Kwenye The Fourth Star mke anatokea, ndio, ila macho tunayotazamia Amman ni ya mume. Anachoona mume kinaitwa ujuzi. Alichoona mke hatukipati.

Si kwamba waandishi hawajali familia. Sehemu za Casey ni nzuri sana. Baba yake, jenerali pia, alikufa Vietnam kwenye ajali ya helikopta mwaka wa 1970, na unahisi kifo hicho kikimfuata mwana hadi Baghdad. Kwa hivyo Cloud na Jaffe wanajua kuandika familia ikilia. Familia ikiishi ndiyo inawashinda. Amman kwao ni ngazi ya kupandia kwenda Iraq, na ukishapanda hurudi tena kuuliza majirani wanaendeleaje.

Ni hasara, kwa sababu miaka ile haikuwa ya kulala. Mapinduzi ya Iran yalitokea mwaka wa 1979 familia ikiwa huko. Mwaka huohuo Misri na Israel zikatia sahihi mkataba wa amani uliokasirisha sehemu kubwa ya ulimwengu wa Kiarabu. Fikiria kuwa mke wa afisa wa Marekani kwenye foleni ya mkate Amman wiki hiyo. Ningetoa sura mbili za mikutano ya Pentagon nipewe foleni hiyo.

Halafu tunafika mwaka wa 2003. Mwezi wa Julai Abizaid anashika uongozi wa majeshi ya Marekani katika eneo lote la Mashariki ya Kati. Siku chache baadaye anasema hadharani kwamba kinachoendelea Iraq ni vita vya msituni, neno ambalo waziri wake wa ulinzi, Donald Rumsfeld, alikuwa analikwepa. Aliwahi pia kuwafananisha wanajeshi wake na kitu kigeni ndani ya mwili: kadiri kinavyokaa, ndivyo mwili unavyozidi kukikataa. Mwishoni mwa 2006 alipinga wazo la kuongeza askari. Mwaka wa 2007 akaondoka, na askari wakaongezwa.

Kitabu kinaisimulia hii kama huzuni ya mtu mwenye hekima ambaye hakusikizwa. Sikatai, lakini nina swali moja. Kama lugha na ile miaka ya Amman vilimfanya ajue kwamba jeshi lake ni kitu kigeni, kwa nini alibaki kuliongoza karibu miaka minne? Waandishi wanagusa swali hili kisha wanaliachia. Nafikiri ni kwa sababu jibu linauma: alitumwa ajifunze kwa ajili ya jeshi, na alichojifunza kilibaki mali ya jeshi hata kilipolipinga. Jirani wa Amman aliyemsahihisha matamshi hakujua anachangia nini. Ningependa kumsikia huyo jirani.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikampigia mzee wangu.

Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Baba alienda baadaye kidogo, nikiwa bado shule ya msingi. Sisi tulibaki, bila shaka. Mathee alikuwa anaweka simu dirishani kwa sababu pale ndipo netiweki ilikuwa inashika. Baba alirudi na maneno matatu ya Kisomali, na kwa miaka yalikuwa mchezo wetu mezani: kaalay, joogso, biyo. Njoo, simama, maji. Nilikuwa nayaona ya kuchekesha. Baada ya kusoma kuhusu Amman niliyasikia upya. Mawili ni amri, na ni ya kizuizi cha barabarani. Tena Kisomali si lugha ya mbali. Ni lugha ya Wakenya wenzetu, inazungumzwa Garissa na inazungumzwa Eastleigh, mwendo wa matatu moja kutoka kwetu.

Nikamuuliza hilo la maji alilipata wapi. Akasema kina mama walikuwa wanakuja na madumu. Nikamuuliza ni neno gani alikosa. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema, "Pole. Hakuna mtu alitufunza kusema pole."

Sisemi kwamba jeshi likifundishwa pole basi vita vinakuwa vizuri. Abizaid alijua pole na mengine mengi, na Iraq iliungua vilevile. Ninachosema ni kwamba maneno ambayo askari anapewa, na yale familia yake inapewa nafasi ya kujifunza au inanyimwa, yanaonyesha mapema ametumwa kufanya nini. The Fourth Star kina ushahidi wote huo ndani yake. Hakikujua tu kwamba ndiyo hadithi yenyewe.

Kisome. Kimeandikwa kwa kasi, na Kiingereza chake hakijifanyi. Ila ukifika Amman punguza mwendo, uangalie ni nani yuko jikoni na hajaulizwa kitu.

Nakala yangu iko kwa mzee sasa. Anasoma kurasa tatu kila jioni na miwani ya mathee. Juzi aliniambia amefika ile helikopta ya Vietnam, na kwamba mathee amesema akimaliza, atakisoma yeye.