Sanaa ya Uwanja wa Ndege: Vinyago vya Changamwe na Majira ya Baridi

Katika uhakiki wa sanaa za Afrika, jina "sanaa ya uwanja wa ndege" limekuwa la kashfa. Frank McEwen, mkurugenzi wa kwanza wa jumba la sanaa la taifa mjini Salisbury (Harare ya leo), alilitumia kuzibeza kazi zinazochongwa kwa ajili ya watalii. Kitabu kilichohaririwa na Nelson Graburn mwaka 1976 kiliwahimiza wataalamu kuzichunguza kazi hizo kwa makini zaidi, lakini kashfa haikufutika. Changamwe ndipo panapofaa kulipimia jina hilo, kwani hapo si sitiari. Ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963, uko jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulioitwa zamani Port Reitz. Na ukumbi wake wa mauzo ni maonyesho ya kudumu ya kundi zima.

Maonyesho hayo yameathiriwa na majira yasiyokuwapo Mombasa. Lugha ya pwani ina kaskazi, masika, kusi na vuli, na ina kipupwe, yaani ubaridi wa Juni hadi Agosti. Wakati wa baridi kuu ya Ulaya, Mombasa ni kaskazi, joto ni kali, na ndege huwaleta wageni wanaoikimbia theluji. Mgeni arudipo kwao hubeba twiga au kifaru. Kilichochongwa kwa jasho huishia rafuni, karibu na moto wa sebule, kikimliwaza mtu aliyejifungia ndani na kumpa la kutafakari.

Je, dhima hiyo ya kuliwaza inatosha kuishusha kazi? La. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa sanamu Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaueneza kwao. Lakini Wakamba walikuwa mafundi wa vigoda vilivyonakshiwa kwa waya tangu kabla ya watalii, na kigoda nacho kilichongwa kwa haja ya mtu mwingine. Tofauti ni kwamba fundi wa kigoda alimjua mzee atakayekikalia, ilhali mchongaji wa twiga hamjui mwenye rafu. Ndiyo maana wanyama hao hufanana mno: fundi asiyemjua mtumiaji hulazimika kurudia lile lililouzika jana. Bakuli na miiko, kinyume chake, huwa na umbo lililokamilika, kwa sababu mchongaji hata asipomjua mtu, anaujua mkono.

Suala la mti linatoa ushahidi mwingine. Mpingo na mhugu vilipoadimika, baadhi ya wachongaji walipaka mti mwepesi rangi ya viatu ili ufanane na mpingo. Huo ni udanganyifu wa fani. Tangu miaka ya 1990 wahifadhi wa misitu wamehimiza mwarobaini, mti wenye asili ya Asia unaokua upesi; na mwarobaini ulioachwa na rangi yake una thamani ya kisanaa kuliko mpingo wa bandia.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Changamwe methali hiyo imetiwa shaka: ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilipowafukuza watalii, mchongaji alibaki na vinyago vyake mwenyewe, navyo vilimtisha kwa kutonunulika. Udhaifu wa sanaa hii, basi, hautokani na kuuzwa, bali na kutegemea baridi ya nchi moja na kusahau nyumba za jirani. Mhakiki mwenye haki hataishia kuuliza kazi imenunuliwa na nani. Atauliza fundi alimjua nani alipoishika tezo.