Kupanda, Kukwea na Kushika: Upungufu wa Istilahi za Milimani

Makala haya yanakusudia kuchungua maneno machache yatumikayo siku hizi kueleza safari za milimani, na kuonyesha pale yanapompotosha msomaji. Kilichotusukuma kuandika ni kijitabu kidogo cha kurasa nane kilichotufikia tulipokuwa katika matembezi ya kukusanya msamiati wilayani Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Kijitabu hicho kimetungwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wanaopenda kutembea juu ya vilima vya huko. Mtungaji hatutamtaja, kwani nia yetu si kumlaumu mtu bali kuisahihisha lugha. Tena, kama tutakavyoona, sehemu ya lawama ni yetu sisi tulio katika kazi ya istilahi.

Kwanza yafaa tumweleze msomaji hali ya nchi yenyewe. Nchi ya Bukoba na Muleba imepangwa kwa vigongo virefu vinavyofuatana na pwani ya Ziwa Viktoria, kaskazini hadi kusini, na baina yake kuna mabonde yenye majimaji. Mwamba wake ni mawe ya mchanga ya kale sana. Upande wa ziwa vigongo hivyo hukatika ghafula kuwa magenge. Upande wa magharibi huteremka polepole. Juu yake ni rweya, yaani nyika ya majani mafupi, ambako wenyeji hukata majani ya kuezekea na kutandika nyumbani, ilhali migomba na mibuni huwa vibanjani. Atokaye Muhutwe kwenda Kamachumu huuona umbo huo bila kuelezwa: barabara hujipinda na kupanda, kisha ghafula mtu hujikuta juu, na ziwa liko chini yake.

Sasa tukitazame kijitabu. Katika ukurasa wa tatu kimeandika hivi: “Mgeni atapanda mlima wenye kilele kizuri, na kupanda kwenyewe ni kwepesi kwa kila mwenye afya.” Sentensi hii ni fasaha, haina kosa la sarufi, na kila neno lake limo katika kamusi. Hata hivyo imekosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni neno *mlima*. Mahali panapoelezwa si mlima mmoja uliosimama peke yake, bali ni kigongo kirefu. Kosa la pili ni *kilele*, kwa umoja. Kigongo kile kina vilele vinne, na kila kimoja hukificha kinachofuata. Msafiri afikapo juu ya kile cha kwanza hudhani amemaliza, hunywa maji yake yote, kisha huona kingine mbele yake, kirefu zaidi. Kosa la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni neno *kupanda*.

Tulikwenda wenyewe kulihakikisha jambo hili, tukiwa watu watano, na kijitabu mkononi. Hadi kilele cha pili mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Kati ya cha pili na cha tatu njia ilikoma chini ya ukuta wa mwamba wenye kimo cha watu watatu hivi, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila hewa. Mwenzetu mmoja, mtu wa makamo, alikwisha kupanda nusu yake kwa kuamini neno “kwepesi”, akashindwa kwenda juu wala kurudi chini. Alikaa pale, uso juu ya jiwe, kwa muda ambao hatukuupima. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani karibu na hapo aliweka mundu wake chini, akaja, akamwelekeza mguu mmoja baada ya mwingine mpaka akashuka salama. Kisha alitugeukia akasema kwa upole: “Waitu, hapo si pa kupanda. Hapo ni pa kushika.”

Twaona kwamba mama yule, ambaye hajapata kuona orodha yetu hata moja, alitenganisha katika maneno mawili mambo ambayo kijitabu kiliyachanganya. Kuna mahali ambapo miguu yatosha, na kuna mahali ambapo mtu hana budi kutumia mikono. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani aende na nani abaki.

Huenda msomaji akauliza: je, neno *kupanda* lina ubaya gani, maadamu limetumika miaka yote? Hatusemi lina ubaya. Lina heshima yake hata katika historia ya taifa letu: tunasema kwamba mwezi wa Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipanda Kilimanjaro na kuuweka Mwenge wa Uhuru kileleni, na hakuna anayetaka neno jingine hapo. Shida ni kwamba ni neno la jumla. Twapanda basi, twapanda kitanda, twapanda cheo, hata bei hupanda. Neno linaloeleza kila namna ya kwenda juu haliwezi peke yake kumwonya mtu juu ya namna moja iliyo ya hatari.

Mifano ya ubaya wa jumla hiyo haiko Kagera tu. Kilimanjaro ina vilele viwili vinavyojulikana sana, Kibo na Mawenzi. Kibo, chenye mita 5,895, kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Mawenzi, chenye mita 5,149, hakikufikiwa juu kabisa mpaka mwaka 1912, na Eduard Oehler pamoja na Fritz Klute. Kilele kilicho kifupi kwa zaidi ya mita 700 kilingoja miaka 23. Sababu ni kwamba Kibo, kwa njia zitumikazo sana leo, hufikiwa kwa miguu, na adui wake mkubwa ni baridi na wembamba wa hewa. Mawenzi ni mwamba mkali, uliooza, unaotaka kamba na ujuzi. Kadhalika Mlima Kenya: Lenana, mita 4,985, huendewa kwa miguu, lakini Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, haviendeki bila ya kamba. Hata hivyo katika Kiswahili chetu aliyefika Lenana na aliyefika Batian wote “wamepanda Mlima Kenya”. Urefu wa mlima hauonyeshi ugumu wake, na neno *kupanda* halionyeshi hata kimojawapo.

Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kuliona jambo hili. Huko Marekani chama cha Sierra Club kilianza mwaka 1937 kutumia madaraja: la kwanza ni kutembea, la tatu ni kutumia mikono, la tano ni kukwea kwa kamba. Si lazima tuyachukue madaraja hayo, lakini yafaa tuichukue hekima yake, yaani kwamba daraja hutajwa kabla mtu hajaondoka nyumbani.

Basi tutumie maneno gani? Baadhi ya vijana wanaoongoza wageni wamekwisha kutohoa, na husema *haiking*. Hatuwacheki, kwani mwenye kazi hangoji kamati. Lakini utaratibu wetu katika kuunda istilahi wajulikana: tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho ndipo tubishe hodi ugenini. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali.

Tulipoanza kazi hii tulilipenda neno *kuparamia*. Hutaja kwenda juu kwa mikono na miguu, kama mtu aparamiavyo ukuta. Lakini tulipolipima tuliliacha. Katika mazungumzo ya kila siku, aliyeparamia jambo ni yule aliyeliingilia kwa pupa bila kufikiri. Kibao cha milimani kitakachosema “hapa huparamiwa” kitamfundisha msafiri haraka, pale ambapo twataka ajifunze utulivu. *Kuparaga* nalo ni la mti, mtu akiukumbatia shina, na mwamba haukumbatiki. Limebaki *kukwea*. Watu wa pwani wanalijua vyema kwa kazi ya mkwezi wa minazi, ambaye ni fundi, anayetazama kila hatua, na ambaye hakuna amwitaye mzembe. Neno hili limebeba ndani yake mikono, urefu na tahadhari.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. *Kutembea mlimani* liwe pale ambapo miguu yatosha. *Kukwea kwa mikono* liwe pale mtu anapotumia mikono bila ya kamba. *Kukwea kwa kamba* liwe pale ambapo kuanguka ni kufa. *Kupanda* libaki kuwa neno la jumla la safari nzima. Mahali pa kushika mkono paitwe *mashiko*, na mahali pa kukanyaga paitwe *makanyagio*. Neno *mashiko* twalitoa katika kauli ya yule mama, kwani shina lake ni lile lile.

Wapo watakaosema kwamba istilahi za maneno mawili au matatu ni ndefu, na kwamba istilahi njema ni neno moja. Kwa jumla twakubali. Lakini istilahi ya hatari ina sharti lake la pekee: haina budi kueleweka na mtu ambaye hajapata kuisoma orodha. Daktari na hakimu wana muda wa kufungua kamusi. Aliye juu ya mwamba hana.

Kuhusu umbo la nchi, Kiswahili kimekwisha kuufananisha mlima na mwili: una mgongo, bega na uso. *Kigongo* basi kifae kwa umbo refu lenye vilele vingi, na *safu* ibaki kwa milima mingi iliyopangika. Palipobonyea baina ya vilele viwili wengine wameanza kupaita *tandiko*, kwa kufuata Kiingereza. Sisi twaonelea *shingo*. Wafaransa nao mahali hapo hupaita kwa neno lao la shingo, na kila Mswahili anayo shingo, lakini si kila mmoja ana farasi. *Genge* litumike kwa uangalifu, maana mjini ni mahali pa kununua nyanya. Wala lugha za wenyeji zisisahauliwe: shina *-shozi* lililomo katika jina la Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, ndilo lililomo katika *olusozi* la Kiganda na *umusozi* la Kinyarwanda. Majina ya mahali yaachwe kama yalivyo, wala yasifasiriwe.

Tulisema kwamba lawama nyingine ni yetu. Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu *Tafsiri Sanifu* ilipoanza kutoka mwaka 1974 tumewahudumia watu wa ofisi, wa shule na wa mahakama. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe hujiita *wagumu*, na vijana waongozao wageni Muleba, wamejitafutia maneno wenyewe. Mtungaji wa kijitabu kile aliandika *kupanda* kwa sababu hatukumpa neno jingine.

Atakapokichapa tena, twamwomba aandike hivi: “Kigongo hiki kina vilele vinne. Hadi cha pili ni kutembea. Kutoka cha pili kwenda cha tatu ni kukwea kwa mikono, kimo cha watu watatu, na mashiko yako upande wa kulia. Asiyezoea arudi kutoka cha pili.” Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa wakazi wa milimani, twawakaribisha watuandikie.