Jinsi sayari ya b Centauri ilivyothibitishwa

Desemba 2021 jarida la Nature lilichapisha kazi ya wanaastronomia walioongozwa na Markus Janson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden. Walikuwa wamepata sayari changa, yenye masi inayokaribia mara 11 ya Mshtarii, inayozunguka nyota mbili kwa pamoja, mfumo uitwao b Centauri, ulio umbali wa miaka nuru 325 hivi kutoka kwetu. Picha yake ilienea upesi katika magazeti na mitandao: mwanga wa nyota katikati, na kinukta hafifu pembeni. Wengi waliiona picha hiyo wakaamini kwamba ndiyo ushahidi wenyewe.

Lakini kinukta kwenye picha hakithibitishi kitu. Anga nyuma ya nyota yoyote imejaa nyota nyingine za mbali, na kila moja huonekana kama kinukta. Kilichothibitisha kwamba b Centauri ina sayari ni mnyororo wa hoja uliofungwa pingili kwa pingili, na ulioanzia kwenye uamuzi wa kutafuta mahali ambapo takwimu zilisema hapana kitu. Pingili hizo hazina nguvu sawa, na msomaji anastahili kujua ipi ni imara na ipi inahitaji tahadhari.

Mahali pa kutafuta

Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amepata sayari kwenye nyota yenye masi inayozidi mara tatu ya Jua. Takwimu zilizokuwapo zilitokana zaidi na njia ya kupima mtikisiko wa nyota: sayari ikizunguka, huivuta nyota yake mbele na nyuma, na mistari ya spektra ya nyota husogea kidogo. Utafiti wa nyota jitu uliofanywa kwa miaka mingi katika kituo cha Lick, California, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba sayari kubwa huongezeka kadiri nyota inavyokuwa nzito, hufikia kilele kwenye nyota zenye masi karibu mara mbili ya Jua, kisha hupungua hadi kutoweka kabisa kwenye masi mara 2.5 hadi 3. Nadharia nayo iliafiki. Nyota nzito humwaga mionzi mikali ya urujuanimno na eksirei, na mionzi hiyo hupeperusha gesi na vumbi ambavyo sayari ingejengwa navyo.

Kundi la Janson liliiona kasoro katika hitimisho hilo. Njia ya mtikisiko hunasa sayari zilizo karibu na nyota zao tu. Sayari inayochukua maelfu ya miaka kukamilisha mzunguko mmoja haiwezi kuonekana kwa njia hiyo, hata mtu akipima kwa maisha yake yote. Tena nyota changa za aina B, ambazo ni moto sana, huwa na mistari michache ya spektra, na nyingi hujizungusha kwa kasi inayoipanua mistari hiyo hadi isipimike vizuri. Kwa hiyo ukimya wa takwimu ulihusu maeneo ya karibu peke yake. Maeneo ya mbali yalikuwa hayajaulizwa.

Wakaanzisha mradi wa BEAST, wa kupiga picha nyota 85 za aina B katika kundi kubwa la nyota changa lililotawanyika kati ya makundinyota ya Nge na Kantarusi. Uchaguzi wa kundi hilo ulikuwa nusu ya kazi. Sayari kubwa ikizaliwa huwa na joto kali la kujikusanya, kisha hupoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Ikiwa changa hung'aa yenyewe katika infraredi, ikizeeka hufifia. Nyota za kundi hilo ni changa, na ziko karibu kiasi cha kuwezesha darubini kutenganisha sayari na nyota yake. b Centauri ina umri wa miaka milioni 15 hivi, ilhali Jua letu lina miaka bilioni 4.6.

Kuuzuia mwanga wa nyota

Picha zilipigwa kwa darubini kubwa ya VLT, yenye kioo cha mita 8.2, juu ya mlima Paranal katika jangwa la Atacama, Chile. Kifaa kilichotumika kinaitwa SPHERE, na hufanya kazi tatu kwa mfululizo. Kwanza hurekebisha mtetemo wa hewa: kioo chembamba kinachosukumwa na vidole vidogo zaidi ya elfu moja hubadilisha umbo lake zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, ili mwanga uliovurugwa na angahewa urudi kunyooka. Pili, koronagrafu huuziba mwanga wa nyota kabla haujafika kwenye kihisio. Tatu, darubini huachiwa iifuate nyota bila kusahihisha mzunguko wa anga. Mabaki ya mwanga yanayotokana na vioo hubaki palepale kwenye picha, lakini kitu halisi kilichoko angani huzunguka kuizunguka nyota kadiri muda unavyopita. Programu ya kompyuta huondoa kisichosogea na kubakiza kinachosogea.

Nyota kuu ya jozi, b Centauri A, ina joto la zaidi ya mara tatu ya uso wa Jua, na sayari yake ni hafifu kuliko nyota kwa maelfu kwa maelfu ya mara. Kilichosaidia ni umbali. Kinukta kilionekana zaidi ya sekunde 5 za tao kutoka kwa nyota, nje kabisa ya eneo lenye mng'ao mkali, katika picha yenye upana wa sekunde 11 hivi. Maana yake ni kwamba kilikuwa karibu na ukingo. Kingekuwa mbali kidogo zaidi, kingekosekana. Jambo hilo lina uzito katika kuhesabu sayari za aina hii: zilizopatikana hazitoshi kutuambia ni ngapi ziko nje ya ukingo huo.

Hoja ya mwendo

Hapa ndipo kiini cha uthibitisho kilipo. Abiria wawili wa jahazi moja huipita minazi ya pwani kwa pamoja, hata kama mmoja amekaa tezi na mwingine omo. Anayebaki nyuma pamoja na minazi hakuwa chomboni. Nyota zote husafiri angani, na zilizo karibu nasi huonekana kusogea haraka kuliko zilizo mbali sana. Ikiwa kinukta kile ni nyota ya mbali iliyojitokeza nyuma kwa bahati, b Centauri itakiacha. Kikiwa ni mwenzake, vitakwenda pamoja.

Picha ya kwanza ilipigwa Machi 2019, ya pili Aprili 2021. Nukta moja ya kihisio cha SPHERE hufunika kama sehemu 12 kati ya elfu za sekunde ya tao, na katika miaka miwili nyota za kundi hili husogea angani kwa kiasi cha nukta kadhaa. Tofauti hiyo hupimika bila wasiwasi. Kinukta kilikwenda na nyota. Hii ndiyo pingili imara kuliko zote, kwa kuwa haitegemei nadharia yoyote ya sayari. Inategemea kupima mahali, kusubiri, na kupima tena.

Kisha watafiti wakarudi kwenye kumbukumbu. Mwaka 2000, darubini ya mita 3.6 ya ESO, shirika lilelile linalomiliki VLT, huko La Silla, Chile, ilikuwa imeipiga picha b Centauri kwa ajili ya utafiti wa nyota jozi. Kinukta kilikuwamo, ila hakikutambuliwa kuwa sayari. Picha hiyo ilirefusha muda wa kupima kutoka miaka miwili hadi zaidi ya ishirini. Ikahakikisha kwamba vitu hivyo viwili vinasafiri pamoja, na ikasaidia kubana umbo la njia ya sayari.

Ukubwa wa msaada huo unaonekana kwa hesabu fupi. Sayari iko umbali wa mara 560 wa ule ulio kati ya Dunia na Jua, zaidi ya mara 100 ya umbali wa Mshtarii. Nyota zote mbili kwa pamoja zina masi kati ya mara 6 na 10 ya Jua. Tukichukua 8, na kudhani njia ni duara, kanuni ya Kepler inatoa mzunguko mmoja kwa miaka 4,700 hivi. Kwa umbali wa miaka nuru 325, sayari ingesogea kuizunguka nyota yake kwa kama sehemu saba kati ya elfu za sekunde ya tao kwa mwaka. Miaka miwili inatoa nukta moja tu ya kihisio. Miaka ishirini na moja inatoa zaidi ya kumi. Kwa msingi wa vipimo hivyo, kundi la Janson liliweza kusema kwamba njia ya sayari haikuchongoka sana.

Masi, pingili dhaifu

Hakuna aliyeipima sayari hii kwenye mizani ya mvutano. Masi yake ya mara 10.9 ya Mshtarii, yenye kosa la 1.6 juu au chini, imetokana na mwanga. Mtafiti huchukua mng'ao uliopimwa, huuoanisha na umri, kisha huuliza nadharia ya kupoa: kitu chenye umri huu na mng'ao huu kina masi gani? Umri ukikosewa, masi nayo inakosewa. Nyota ikiwa na umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa, basi sayari imepoa kwa muda mrefu zaidi, na ili ing'ae hivi ilivyo lazima iwe nzito zaidi.

Suala hili si dogo, kwa sababu mpaka unaotumiwa kutenga sayari na vibete vya kahawia ni masi 13 za Mshtarii, kiwango ambacho kitu huanza kuunguza deuteri. Sayari hii, iitwayo b Centauri b, iko chini ya mpaka, lakini si mbali nao. Kinachoipa hoja nguvu ni kwamba umri haukutokana na nyota moja peke yake. Umetokana na kundi zima lililozaliwa pamoja. Wapo pia wanaotazama uwiano. Masi ya sayari hii ni kama asilimia 0.1 hadi 0.17 ya masi ya nyota zake, uwiano unaofanana na wa Mshtarii na Jua. Kwangu, uwiano huo unaeleza zaidi asili ya kitu hiki kuliko mpaka wa deuteri.

Nyota mbili, sayari moja

Nyota mbili za b Centauri zimekaribiana sana, kwa umbali unaokadiriwa kuwa kama wa Dunia na Jua. Kwa sayari iliyoko mara mia tano na zaidi ya hapo, jozi hiyo huvuta kama kitu kimoja. Mahesabu ya uthabiti yanaonyesha kwamba sayari inayozunguka jozi huwa salama ikiwa mbali kwa mara chache tu ya nafasi iliyopo kati ya nyota. Hii imepita kiwango hicho mara nyingi sana. Ugumu unaoletwa na nyota ya pili ni mwingine: masi yake haijulikani vizuri, ndiyo maana jumla ya masi imetajwa kuwa kati ya 6 na 10.

Swali lililobaki ni namna ilivyozaliwa. Njia ya kawaida, ya kiini cha mawe na barafu kukua taratibu kisha kuvuta gesi, ni ya polepole mno kwa umbali huo, hasa pale nyota inapopeperusha gesi mapema. Inayoelekea kufaa zaidi ni ya sahani ya gesi kuporomoka yenyewe na kuunda donge upesi. Kurushwa nje kutoka karibu na nyota kungetarajiwa kuacha njia iliyochongoka sana, na vipimo haviungi mkono hilo. Mwaka 2022 mradi huohuo ulitangaza kitu kingine chenye masi kama 14 za Mshtarii kwenye nyota nzito mu2 Scorpii. Kwa hiyo b Centauri si ajali ya pekee.

Katika Afrika Mashariki, usiku wa Mei na Juni, Kantarusi hupanda juu upande wa kusini pamoja na nyota yake Rijili Kantori, na b Centauri huonekana kwa macho matupu kwenye anga isiyo na taa. Data za ESO nazo huwekwa wazi kwa kila mtu muda wa umiliki wa watafiti ukiisha. Vyuo vyetu vinavyofundisha fizikia vingefaa kuitumia kazi hii kama zoezi kamili: mwanafunzi apakue picha, apime mahali pa kinukta, alinganishe miaka, na ajitetee kwa takwimu. Hahitaji darubini ya mita nane ili ajifunze hatua iliyo ngumu kuliko zote, ambayo ni kukataa kukiita kinukta sayari mpaka mwendo wake umeshuhudia.