Kukadiria Ubora wa Chakula cha Vifaranga Kamachumu

Kifaranga wa kuku wa mayai au chotara, tangu kutotolewa hadi wiki ya 8, huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20 na nishati ya kilokalori 2,800 hadi 2,900 kwa kilo. Mkadiriaji hodari hutazama kwanza uwiano wa viwili hivyo: takriban kilokalori 145 kwa kila asilimia moja ya protini. Kuku hula mpaka nishati imtoshe. Kwa hiyo nishati ikizidi, kifaranga hushiba kabla hajapata protini ya kumkuza. Protini ikizidi, mwili huichoma kama mafuta ya taa ya bei ghali, na maranda hulowa na kunuka amonia.

Kamachumu ni nchi ya migomba, na ndizi za kuchemsha huonekana chakula cha bure. Kwa kifaranga ni hasara: ni maji na wanga, hujaza gole na kuacha mwili na njaa ya protini.

Protini hiyo hubebwa hasa na dagaa wa Ziwa Victoria, na hapo ndipo chakula kizuri hutengana na kibaya. Tuchukue kilo 100: mahindi yaliyoparazwa 50, pumba 15, mashudu ya alizeti 15, dagaa 15, soya ya kukaanga 3, na 2 za chokaa, chumvi na mchanganyiko wa vitamini na madini. Protini hukaribia asilimia 20. Theluthi moja ya dagaa ikiwa mchanga, protini hushuka hadi kama 17 na uwiano hupanda kufikia 160, ingawa vipimo vya mizani havikubadilika. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja hung'aa na huvunjika wakikunjwa. Wale wa mchangani hujaribiwa kwa kukoroga gao moja la unga wao katika glasi ya maji: mchanga hutua chini upesi.

Kuongeza mashudu hakuzibi pengo hilo, maana alizeti, kama mahindi, ina lisini kidogo, tena ina nyuzinyuzi nyingi. Soya mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Iliyokaangwa vizuri hunukia kama karanga. Mahindi yenye ukungu hukataliwa bila mjadala kwa sababu ya sumukuvu. Pumba husuguliwa kiganjani: zenye unga mweupe hushika vidole, zile za maganda matupu hupukutika.

Hukumu ya mwisho hutolewa na vifaranga wenyewe. Wakipishana sana ukubwa, manyoya ya mabawa yakichelewa, au wakianza kudonoana, protini hushukiwa kwanza, baada ya kuhakikisha hakuna ugonjwa wala msongamano. Baada ya wiki ya 8 protini hupunguzwa hadi asilimia 15 au 16, na dagaa ndio wa kwanza kupunguzwa.